Siku Ampli Haikukoroma

Courant, umeme wa muji, ilirudi wakati leki yangu alikuwa ameshashika micro ya kuimbia.

Leki, hapa kwetu Kisangani, ni ndugu anayekufuata. Alikuwa dada yangu mudogo, tumbo moja, papa moja, na kwa nyumba yetu yeye ndiye alikuwa mutoto mwanamuke wa kwanza. Tulikuwa kwenye matanga ya kaka ya mama, muvuvi wa Yanonge aliyekuja muji kutafuta dawa akapata kifo. Kwa ukoo wetu nyimbo za matanga zinafunguliwa na mutoto mwanamuke wa kwanza, na anazifungua miguu chini, bila viatu, mpaka mayiti azikwe. Asubuhi mvua ilikuwa imepiga. Udongo wa parcelle, kiwanja cha nyumba yetu, ulikuwa ungali laini, maji yamekaa ndani ya nyayo za watu. Leki alisimama pale katikati, kitambaa kimefungwa kiunoni, anaangalia dirisha yangu.

Mimi nilikuwa ndani na ampli, mashini ya kukuza sauti. Niliitengeneza na mikono yangu, ampli ya lampe, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa ndani ya radio za zamani. Ilikuwa juu ya meza, na waya ndefu ya micro ilipitia dirishani mpaka kwake. Courant ilikuwa imekatwa tangu asubuhi. Iliporudi, watoto wa avenue, mutaa wetu, wakapiga ile kelele yao ya kila siku, na mimi nikaona lampe zinaanza kupata rangi.

Ampli ya lampe si kama ya duka. Ukiipa courant haiimbi palepale. Lampe inataka kwanza ipate moto, polepole, kama makaa ile mutu anapepea. Ni muda wa kusema Baba Yetu bila haraka. Leki alijua. Alikuwa anangoja nimupe ishara na kichwa.

Hatukufika kwenye ishara. Alianguka lampe zikiwa bado changa. Hakupiga kelele. Mukono ulibana micro, mwili ukakazana, akaanguka upande mumoja kama mutu aliyesukumwa.

Watu hawakutikisika. Kwenye matanga wanawake wanaanguka, iko kawaida. Huzuni inamuangusha mutu, wenzake wanamuacha kidogo alale na huzuni yake, halafu wanamuinua. Donc walimuacha. Mimi pia niliwaza ni huzuni. Na ndani ya ile muda ya kumuacha, lampe zikapata moto, ampli ikafunguka. Mama alikuwa amesogea, ameinama juu yake. Sauti yake ikaingia ndani ya micro iliyokuwa chini, ikatoka kwenye bafle mbili, zile sanduku za kutolea sauti, ikaenda avenue yote.

"Mutoto yangu, amuka. Watu wanakungoja."

Sauti safi. Hakuna kukoroma, hakuna mchanga ndani yake, ni mama tu, na pumzi yake kati ya maneno. Miaka mingi nilikuwa nimeitafuta ile sauti. Halafu mama akamushika mukono, na courant ikamutupa nyuma, akakaa kwenye matope. Hapo ndipo nilijua ni courant, nikavuta waya zote za ampli kwenye ukuta.

Leki hakuamuka. Walimubeba kwa moto, pikipiki, mpaka hospitali, wawili wamemushika kati yao, na huko wakasema tu turudi naye. Sikulia. Mpaka leo sijalia. Watu wanafikiri ni ugumu wa roho. Sijui ni nini. Ni kama mukono uliolaliwa usiku, uko pale, unauona, lakini si wako.

Nianze mbali kidogo, ili mutu aelewe mashini ilikuwa nini.

Mimi ni mutu wa vita. Wakati majeshi mawili ya wageni yalikuja kugombana ndani ya muji wetu, kila moja likitaka muji ambao si wake, bombe ilianguka nyuma ya nyumba tuliyokaa zamani. Papa alikufa palepale. Mimi niliamuka na sikio la kushoto limekufa na la kuume linasikia nusu. Nilikuwa kijana. Masomo nilikuwa nimeacha zamani kwenye darasa ya tano, papa alikuwa amesema kalamu haivuti wavu. Na baada ya ile bombe hata wavu sikutaka tena. Niliingia kwa fundi mumoja wa radio sokoni, muzee aliyefundishwa na Wabeleji, nikakaa naye mpaka alipokufa, nikarithi meza yake.

Mutu asiyesikia vizuri kutengeneza radio, watu walicheka. Lakini nilikuwa na namna yangu. Ninauma mupini wa tournevis, bisibisi, na meno, ncha yake ninaigusa kwenye sanduku ya bafle, na sauti inapanda kwenye mufupa wa taya mpaka kichwani. Kukoroma kwa mashini nilikusikia kwa meno kabla watu wenye masikio mawili hawajakusikia.

Shida ilikuwa sauti za watu. Ampli za duka, zile nyepesi za plastiki, zilinitolea sauti za watu kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Nilikuwa ninaenda misa, chorale inaimba, mimi ninaona vinywa vinafunguka tu. Siku moja muzee wangu aliwasha radio ya lampe ya mission, kubwa kama kabati, iliyokuwa imekuja kutengenezwa. Mutu alikuwa anasoma habari. Nilisikia kila neno. Lampe inatoa sauti nene, yenye mwili, na ile sikio yangu nusu iliishika. Niliketi chini. Muzee akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia hapana, niache nisikilize.

Kutoka siku ile nilitaka ampli ya lampe. Si ya kuuza.

Leki alikuwa anafanya biashara ya samaki. Anashuka mto na baleinière, mashua kubwa ya motere, mpaka Isangi, ananunua samaki ya moshi, anapanda nayo tena. Nilimwambia huko chini kwenye mashamba ya zamani ya mawese, kwenye nyumba za wakubwa wa zamani, lazima radio za kufa ziko. Alicheka. Lakini safari iliyofuata alirudi na kikapu, juu samaki, chini samaki, na katikati lampe zimefungwa moja moja ndani ya majani ya chikwangue, mukate wa muhogo, hata moja haikupasuka. Zilinuka moshi. Nilipoziwasha na zikapata moto, nyumba yote ikanuka mbisi, samaki ya Isangi.

"Yaya," aliniambia, maana sisi wakubwa tunaitwa yaya, "watu wanarithi nguo kwa mayiti. Weye unarithi taa."

"Ulizitoa wapi?"

"Kwa muke mumoja. Kuku zake zilikuwa zinalala ndani ya radio. Alisema nikikamata na kuku moja anafurahi."

Ampli ya kwanza niliifunga juu ya kipande cha bati. Ilisema, lakini chini ya maneno kulikuwa kukoroma kuzito, usiku na mchana, mutu anasema ao hasemi. Leki alikuja na chorale yake kuisikia. Tuliipeleka na toleka, baiskeli ya kukodi, imefungwa nyuma na kamba za mpira kama mugonjwa, mpaka kwenye kapela, kanisa yao ndogo. Wanawake wa chorale walikufa na kucheka. Wakaipa jina, Papa Mulevi. Avenue yote ikajua ampli yangu ni ile inayolala.

Bon. Nikaanza kuitengeneza upya.

Kazi tuliifanya watu wawili. Leki anakaa kwenye kiti na micro, anasema chochote kinachomujia, habari za Isangi, matusi ya wanawake wa baleinière, kipande cha Zaburi. Mimi ninafungua, ninafunga, ninauma tournevis. Masikio yalikuwa yake, meno yangu.

"Inakoroma sawa jana," anasema. "Yaya, ungeoa muke asiyekoroma ungejua tofauti."

"Sema tena, karibu na micro."

"Nimesema ungeoa."

"Si ile. Vile ulisema mbele."

"Angalia mutu. Anatukanwa, anaomba atukanwe tena."

Nilikuta kwamba transfo mbili, ile inayopokea courant na ile inayopeleka sauti kwenye bafle, zikikaa uso kwa uso zinaambukizana. Ni kama watu wawili kwenye kitanda kimoja, mumoja akikohoa mwenzake anaamuka. Nikalaza moja ubavu. Kukoroma kukapungua. Nikachukua waya zinazopasha lampe moto, nikazisokota mbilimbili mpaka mwisho. Kukapungua tena. Bati nikaitupa, nikamuomba mumoja anayeyeyusha nzungu, sufuria, za aluminium anitengenezee sahani pana, na sanduku nikaifunga na mbao ya lifaki, muti mugumu, iliyokauka miaka chini ya paa ya jirani. Condensateur za zamani, zile za karatasi na nta, zilikuwa zinavuja, nikazitoa zote.

Kilichobaki kilikuwa kidogo lakini kigumu. Nilikaa nacho musimu wote wa mvua. Kila waya inayorudi nilikuwa nimeifunga kwenye shimo iliyo karibu, bila kufikiri, popote pa sahani. Siku moja nilikuwa ninaangalia wanawake wanarudi kutoka kisima, kila mumoja na njia yake kwenye majani, wanagongana, wanamwaga maji. Nikarudi ndani, nikafungua waya zote za kurudi, nikazifunga kwenye bulo, bolti, moja tu. Nikawasha. Nikauma tournevis. Sikusikia kitu. Niliwaza lampe zimekufa. Leki akasema neno moja kwenye micro, jina langu, na jina langu likatoka kwenye bafle kama mutu mwingine ameingia ndani ya nyumba.

Leki akaweka micro chini. Halafu akasema, "Alors, sasa nitamutukana nani?"

Kazi ilibaki kitu kimoja, na kile kitu ni yeye alikitaka. Alisema micro inamuuma midomo. Akiimba karibu sana anasikia kama mchwa mudogo juu ya mudomo. Ile ni courant ndogo inayovuja kwenye chuma ya mashini. Haiui mutu, lakini haipendezi, na mimi sikutaka hata mchwa. Nilizika bomba ya chuma nyuma ya nyumba, ndani kabisa, na chumvi na makaa kuizunguka. Kutoka kwenye ile bomba waya ya shaba inapanda ukuta mpaka kwenye ubao wa compteur, mita ya courant, na kutoka ubao waya nyingine inaingia ndani mpaka kwenye chuma ya ampli. Vile courant yoyote inayopotea inaenda kwenye udongo, haiendi kwa mutu.

Shaba niliipata kwenye motere ya kufa ya baleinière. Ilikuwa nyembamba. Leki akasema tuisuke. Akakaa kwenye mulango, akaweka mwisho mumoja kati ya vidole vya muguu, akaisuka nyuzi tatu, sawa vile anavyosuka nywele za watoto wa dada zake wa chorale, imebanana, haina kosa. Na kila jioni maji ya kuosha sahani aliyamwaga pale kwenye bomba, maana udongo ukikauka kazi haifanyiki. "Ninanywesha bwana yako," ananiambia. Midomo haikumuuma tena. Kila asubuhi mimi ninapitisha testeur, kijiti cha kupima courant, kwenye ile chuma, na kila asubuhi taa ya testeur haiwaki.

Hata asubuhi ya matanga haikuwaka. Niliipitisha kabla courant haijakatwa, nikiwa na viti vya kukodi mukononi.

Matanga ilikuwa mara ya kwanza watu wa avenue waisikie ampli mupya. Mama ndiye aliomba. Alisema kaka yake alikuwa muvuvi, alizoea sauti inayovuka mto, asisindikizwe na sauti ya mbu.

Sasa nitasema kifo cha leki kilitoka kwa nani.

Mbele yetu, upande wa pili wa avenue, mutu mumoja amejenga nyumba ya etage, ghorofa. Alitaka courant. Nguzo iliyo karibu naye imelala tangu zamani, na njia fupi ya kufika kwake inapitia ukuta wetu wa nyuma. Ile siku, courant ikiwa imekatwa, mutu wa kampuni ya umeme alikuja na ngazi kufanya ile kazi. Chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, alikuja naye. Ni chef ndiye alishika ngazi.

Kwetu hapa mutu haingii na mambo ya kazi kwenye nyumba yenye mayiti. Haiko adabu. Unangoja wazike, halafu unapiga hodi. Wao hawakungoja, sababu mwenye etage alikuwa na wageni wanaokuja. Lakini pia hawakutaka kukosa adabu. Donc walizunguka nyuma, kimya, bila kumwambia mutu. Chef alisema akiwa kwake, mulango wazi, na mwanamuke mumoja jirani alimusikia, "Wako na huzuni, tusiwasumbue." Wakapanda, wakafungua waya zetu kwenye ubao, wakapitisha ile ya tajiri, wakafunga zetu tena, wakashuka. Sisi tulikuwa mbele tunapanga viti. Mama alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, ya watu.

Hiyo ndiyo adabu iliyomuua leki yangu.

Niliona asubuhi ya kwanza baada ya mazishi. Nilienda nyuma ya nyumba bila sababu, muguu unaenda tu. Bomba ilikuwa peke yake. Waya ya shaba ilikuwa imekatwa chini kabisa, imekatwa na koleo, mahali pa kukatwa pakiwa pangali panang'aa. Nikapanda juu ya ndoo, nikafungua ubao. Ile waya inayoingia ndani kwenye ampli, iliyokuwa inangoja udongo, ilikuwa imefungwa chini ya visi, skrubu, moja na waya ya moto, ile inayoleta courant. Mbili pamoja, zimekazwa vizuri. Yaani chuma yote ya ampli, na micro, ilikuwa courant tupu, na ampli yenyewe inafanya kazi kama kawaida, haionyeshi kitu. Mimi nilikuwa ndani juu ya mbao, na sapato ya plastiki muguuni, na swichi yangu ni ya mbao. Haikunigusa.

Nilisimama pale juu ya ndoo. Halafu nikaangalia upande wa pili. Kwenye kona ya ukuta wa etage, mahali laini mupya ya courant inashikwa isidondoke, imefungwa na shaba iliyosukwa nyuzi tatu. Hakuna mutu mwingine Kisangani anayesuka waya.

Mutu wa courant nilimukuta kwenye cabine yao, nyumba ndogo ya umeme, huko Makiso. Alikuwa amekaa juu ya ngazi iliyolazwa, anakula mukate na chai.

"Papa, pole na matanga," alisema.

"Ile siku ulipanda kwetu."

"Ninapanda kwa kila mutu. Ndiyo kazi."

"Ulikata waya nyuma ya nyumba."

"Waya gani?"

"Ya shaba. Iliyosukwa."

Akatafuna kwanza. "Ile haikuwa ya kampuni. Haiko kwa compteur. Kitu kama haiko kwa compteur, kwetu sisi haiko."

"Na ile ya ndani ukaifunga na moto."

"Nilikuta waya inaning'inia, papa. Haina mahali pa kwenda. Waya ya kuning'inia iko mubaya, inaweza kuua mutu."

Alisema vile na hakucheka. Sidhani alisikia alichosema.

"Donc ni weye uliifunga."

"Mimi sikusema vile. Mimi nasema mutu anatengeneza mashini na bitu ya zamani ya Babeleji, mutu anakufa, halafu anatafuta mutu wa courant. Courant yenu iko inafanya kazi ao haifanye?"

"Inafanya."

"Voilà."

Akamimina chai iliyobaki chini, akaingia ndani.

Chef wa avenue alinipokea vizuri, akaleta kiti. Aliniambia kifo ni kifo, na kwamba yeye alishika ngazi tu, na ngazi haijui inapanda nani. Nilimuuliza kama atakuja kusema hata ile tu, kwamba alishika ngazi. Akasema tuache udongo ukauke kwanza juu ya kaburi. Umekauka. Mvua imekuja tena juu yake, umekauka tena.

Mwenye etage alinisikiliza akiwa mulangoni, muke wake nyuma yake. "Mimi niliomba courant," alisema. "Sikuuliza inapitia wapi." Nikamwonyesha na kidole ile shaba kwenye ukuta wake. Akaiangalia kama mutu anayeonyeshwa nyota. "Unataka niitoe? Laini itadondoka juu ya watoto." Nikamwambia hapana, usiitoe. Ikitoka hakuna tena kitu cha kuonyesha. Imebaki pale mpaka leo. Ninapita chini yake kila asubuhi nikienda sokoni.

Na kuna mumoja tena, sitamuacha. Mchungaji wa chumba ya maombi ile iko karibu na kwetu. Alikuja kumufariji mama, akaomba vizuri, halafu akamuuliza, mbele ya watu, "Mama, ile mashini si ndiyo ilikuwa inakoroma zamani?" Mama akasema ndiyo. "Na ile siku ilikoroma?" Mama akatikisa kichwa. Mchungaji hakusema zaidi, hakukuwa na haja. Kabla ya jua kuzama avenue yote ilikuwa inajua kwamba nilimutoa leki yangu sadaka ili Papa Mulevi apate sauti. Bulo moja, transfo iliyolazwa, waya zilizosokotwa, musimu wote wa mvua, vile vyote havikuwa kitu. Kwao kulikuwa sauti safi na mayiti, siku moja. Vijana wake wakaja na nyundo. Sikuwazuia. Walivunja lampe kwanza. Zinapovunjika zinatoa sauti ndogo, kama mutu anayevuta pumzi. Mbao ya lifaki iliwashinda.

Wanawake wa chorale hawanisalimu. Sokoni watu wanapita mbele ya meza yangu na radio zao kwapani, wanaenda kwa mwingine. Ile ninaweza kuibeba. Nimeshabeba mengi.

Ile siwezi ni mama.

Anakaa kwenye parcelle, mulangoni kwake. Ninapika, hakuli changu, anangoja jirani alete. Nilimweleza yote, waya ya shaba, visi, ngazi. Nilimupeleka nyuma nikamwonyesha bomba. Aliangalia, akarudi kukaa. Akaniambia maneno haya, na tangu siku ile hajaniambia mengine marefu kuliko haya:

"Weye ni mwenye mashini. Mwenye mashini atasema nini kingine? Kama ni mutu alifanya, ile mutu aje aniambie na kinywa yake. Nitamusikiliza. Weye, usinieleze tena."

Sikukasirika. Ana haki. Mimi pia, ningekuwa yeye, nisingeniamini. Lakini amezeeka, anakohoa, na miguu imeanza kuvimba. Atakufa na ile wazo, kwamba mutoto wake mumoja alimula mwingine kwa uchawi. Hilo ndilo lililobaki la kuokoa hapa, hakuna lingine.

Nilienda kwenye kampuni. Waliniambia mashini za kienyeji haziwahusu. Nilienda kwa polisi. Waliniuliza kama mashini iko, nikasema imevunjwa, wakasema basi hakuna kitu cha kuangalia. Niliwaambia shaba iko kwenye ukuta, kila mutu anaiona. Wakasema ukuta ni wa watu.

Wale waliomuua papa sikuwahi kuwauliza. Walikuwa na bendera na mizinga, na walirudi kwao, na mutu haandamani na bombe kuiuliza ilitoka mukono gani. Nilimezea. Watu wa hapa wote tulimezea, na labda ndiyo sababu hawa wengine wanafikiri Kisangani ni muji wa watu wanaomeza. Lakini hawa hawakurudi popote. Mumoja anakunywa chai Makiso. Mumoja anashika muhuri ya avenue yetu. Mumoja ninasikia televisheni yake kutoka kitandani kwangu. Na mchungaji, jumapili sauti yake inafika mpaka kwa mama.

Siwaombi mufungwe. Siwaombi kitu cha mukononi. Weye wa courant, weye chef, weye wa etage, na weye mchungaji usikilize wenzako wakisema: njooni kwa mama. Avenue munaijua, mulango munaujua. Mukae mbele yake, mumujibu yeye, si mimi. Ni nani alikata ile waya, na ni nani aliifunga na moto? Semeni angali anasikia.